Mtoto Hayumo Kwenye Orodha

Warsha yenyewe iliitwa "Kumtunza Anayewatunza Wengine." Ilifanyika siku mbili hapa Nyarutarama, kwenye hoteli ambayo siitaji jina kwa sababu hoteli si shida yangu. Tulikuwa wasaidizi wa kisaikolojia kutoka kambi za Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke na Mahama, karibu wote wanawake, karibu wote wakimbizi. Sisi wa Kiziba tuliamka saa tisa usiku, tukashuka kwa pikipiki mpaka Karongi mjini, tukangoja basi la kwanza. Mgongoni nilikuwa na mwanangu wa pili, miezi minne. Pembeni yangu alikuwa binti wa dada yangu, miaka kumi na minne, ambaye kazi yake ilikuwa kumshika mtoto mimi nikiwa ndani.

Getini mlinzi alipitisha kidole kwenye karatasi, akaliona jina langu. Halafu akamtazama binti, akamtazama mtoto, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, hawa hawamo kwenye orodha." Mratibu wetu akaitwa. Akaja mbio, mtu mwema tu, nasema kweli, akaeleza kwamba kufuatana na sera ya ulinzi wa mtoto, watoto hawaruhusiwi kwenye shughuli ambayo haikupangiwa watoto. Basi, kwa ajili ya ulinzi wa mtoto, watoto wawili walikaa siku mbili nje ya ukuta, ng'ambo ya barabara, chini ya mti, karibu na vijana wa pikipiki. Vijana wale ndio waliowanunulia maji.

Ndani tulifundishwa kupumua. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, shikilia, achia. Ukutani projekta ilionyesha picha ya kikombe, maana wakufunzi wana msemo wao kuhusu kikombe kitupu na wameutafsiri hivyohivyo ulivyo. Nikiwa nimeshikilia pumzi, maziwa yakashuka. Yakalowesha blauzi, yakafika mpaka kwenye kikwembe. Mwenzangu wa Kigeme akavua sweta lake akanipa bila kusema neno. Mkufunzi akaona, akatabasamu, akaniambia mbele ya watu wote kwamba mwili wangu ulikuwa unanikumbusha nijitunze. Mwili wangu ulikuwa unanikumbusha kwamba mtoto ana njaa.

Miaka mitatu imepita. Sasa nafanya kazi Nyarutarama hiyohiyo, kwenye kliniki binafsi, dakika chache kwa mguu kutoka kwenye mti ule. Nitafika huko, maana najua baadhi yenu mna maneno juu ya jambo hilo. Mwezi uliopita nilialikwa nikafundishe warsha ya namna ileile kwa sababu, eti, nimekuwa mfano. Mada niliyopewa ni jinsi ya kuleta uwiano kati ya kazi ya saikolojia tiba, malezi ya watoto na maadili yako binafsi. Nimekaa na mada hiyo wiki tatu na hasira haijaisha, ndiyo maana naandika.

Ninachosema ni hiki. Neno "uwiano" ni la uongo. Linafanya ionekane kwamba mama mwenye kazi hii ana mizani mkononi, na akiwa na akili na nidhamu ataisawazisha. Sisi tuliopanga foleni ya unga tunaijua mizani. Tunajua pia kwamba mzigo hausawaziki wenyewe, lazima mtu aweke jiwe upande wa pili. Kwenye kazi yetu jiwe hilo lilikuwa mtoto, na wala hakulichagua.

Nianze na binti wa dada yangu. Mwaka ule alikuwa P6, mwaka wa mtihani wa taifa. Alikuwa anakosa shule Jumanne na Alhamisi ili ambebe mwanangu, baadaye akawa anakosa na Jumatatu. Mtihani hakuufanya. Sasa sikilizeni mimi nilikuwa nafanya nini siku hizo za Jumanne na Alhamisi: nilikuwa naongoza kundi la wasichana wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na sita, tukizungumza kwa nini msichana asiache shule. Nilikuwa na picha, nilikuwa na mchezo wa maswali, nilikuwa na fomu ya mahudhurio ambayo ilipelekwa Kigali na bila shaka ikaenda na mbali zaidi. Kwenye fomu ile wasichana wangu walihesabiwa vizuri sana. Yule aliyekuwa nyumbani kwangu na mtoto mgongoni hakuhesabiwa popote. Siku moja msichana wa kundi lile aliniuliza mbele ya wenzake, bila ubaya, "Mwalimu, na dada yetu anayebeba mtoto wako, yeye atakuja lini?" Wakacheka. Mimi nikasema, "Tuendelee."

Sijasamehewa kwa hilo "tuendelee," na makala hii si ya kuomba msamaha. Yeye sasa yuko S2, na watoto anaosoma nao amewazidi miaka mitatu. Ananiheshimu. Ananiita mama mdogo kama zamani. Lakini nikimtumia karo anajibu kwa neno moja.

Mtu wa shirika akisoma hapa atasema, si ungetafuta mtu mzima akushikie mtoto? Ningemlipa na nini? Nilikuwa napokea motisha. Msomaji wa kambini halihitaji maelezo neno hilo, ila kwa wageni niseme. Motisha ni fedha anayolipwa mkimbizi anayefanya kazi ya shirika ndani ya kambi, na inaitwa motisha ili isiitwe mshahara. Siku ile hotelini nilisoma bei za vyumba kwenye ubao wa mapokezi. Motisha yangu ya mwezi mzima isingelipia chumba cha usiku mmoja. Karatasi niliyotia sahihi ilisema mimi ni "mtu wa kujitolea katika jamii." Nina shahada ya saikolojia tiba kutoka Chuo Kikuu cha Rwanda, Huye. Nilisoma miaka minne kwa ufadhili, nikafanya mafunzo kwa vitendo wodini, nikarudi Kiziba kwa hiari yangu. Mwenzangu Mnyarwanda tuliyesoma darasa moja aliajiriwa na shirika hilohilo kwa kazi hiyohiyo, akapewa mkataba. Hatukugombana. Yeye mwenyewe alikuwa anaona aibu, tukipishana siku ya malipo anajifanya anaongea na simu.

Nchi nyingine zina kisingizio. Ukienda Kakuma au Dadaab utaambiwa kibali cha kazi ni shida, ndiyo sababu ya motisha. Hapa Rwanda mkimbizi anaruhusiwa na sheria kufanya kazi. Kwa hiyo motisha hapa hailetwi na sheria, inaletwa na mazoea na bajeti. Na ubaya wake mkubwa si udogo wa fedha. Ubaya ni kwamba asiye na mkataba hana likizo. Sheria ya kazi ya Rwanda tangu 2023 inampa mama aliyejifungua wiki kumi na nne, na akirudi kazini ana saa moja kila siku ya kunyonyesha. Mimi nilipojifungua niliambiwa nafasi yangu itanisubiri wiki sita, bila malipo, na kwamba hiyo ni huruma. Saa ya kunyonyesha sikuwahi kuisikia ikitajwa. Nilikuja kuijua Nyarutarama, siku ya kusaini mkataba wangu wa kwanza, nikasoma kifungu kile mara mbili huku mtoto tayari ameacha ziwa.

Wanaopanga mipango hii hawawezi kusema hawakujua. Mwongozo wao mkuu, ule wa mashirika yote ya kibinadamu kuhusu afya ya akili na msaada wa kisaikolojia katika dharura, uliotoka 2007, una sehemu nzima, namba 4.4, inayohusu kuzuia na kushughulikia matatizo ya kiakili ya wafanyakazi na ya wanaojitolea. Imeandikwa pamoja, wafanyakazi na wanaojitolea. Nimeisoma nikiwa mwanafunzi. Nilipofika kazini nikakuta imegeuzwa kuwa warsha ya siku mbili, chai mara mbili kwa siku, na picha ya kikombe.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana watu wanafikiri shida ni muda tu. Kama ingekuwa muda tu ningevumilia.

Vitabu vya taaluma yetu viliandikwa na watu wanaofunga mlango jioni. Vinasema usimhudumie jirani, usimhudumie ndugu, usikutane na mteja nje ya chumba cha tiba. Kiziba ipo tangu 1996. Mimi nimekulia pale. Nani si jirani yangu? Mtu amenilalia begani saa nne asubuhi akinieleza alichofanyiwa Masisi, na saa kumi jioni tuko naye kwenye foleni ya bomba, ndoo yake nyuma ya yangu, hatujui tusalimiane vipi. Nyumba zetu ni tope na turubai, ukikohoa wa tatu anakuombea afya. Usiku watu walikuwa wanagonga. Sikuwalaumu, maana ihahamuka haiji saa za ofisi. Walikuwa wanagonga saa nne, saa tano, mara nyingine wanamleta mtu anayetetemeka, wanamlaza kwenye mkeka ambao mwanangu wa kwanza alikuwa ametolewa usingizini ili upatikane.

Mtoto yule alikuwa na miaka sita. Alisikia mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyasikia mpaka nilipofika chuo. Nikawa namfundisha kutosema, kwa sababu siri ya mteja ni siri, na alijifunza upesi mno. Tukipita njiani na mtu akanisalimia kwa sauti ya chini, ananivuta mkono ananiuliza, "Mama, huyu ni wa siri?" Mkisikia mtoto wa miaka sita anauliza hivyo mnaweza kucheka, na mimi nilicheka mara ya kwanza. Baadaye mwalimu wake akaniita. Alisema mtoto hazungumzi darasani, ukimuuliza swali anatazama pembeni kwanza kuona nani anasikia. Mimi, mwanasaikolojia, niliambiwa na mwalimu wa P1 kwamba mwanangu amekuwa mtunza siri za kambi nzima.

Na siku moja akanisemea kile Kiswahili chetu cha Kongo, kwa hasira: "Weye uko unasikiliza bantu bote, ila mie hapana." Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Sikulitoa.

Haya, wapinzani wangu. Wapo wa aina tatu, na mmoja wao ninamheshimu.

Wa kwanza ni yule wa wito. Anasema kazi hii si ya mshahara, ni ya moyo. Kwenye warsha walitusimulia habari za Dkt. Naasson Munyandamutsa, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa Uswisi wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, akarudi kwenye nchi iliyokuwa haina karibu mtu wa fani yake, akaijenga kazi hiyo mpaka alipofariki 2016. Mimi namheshimu mzee yule kuliko hata wanaomtaja. Alipoteza watu wake, na akarudi akawasikiliza wengine. Lakini alichojenga kilikuwa huduma yenye watu waliofundishwa, hospitali, vituo, vyeo, mishahara. Alitaka kazi hii iwe kazi. Kulitaja jina lake ili kumnyima mama saa moja ya kunyonyesha ni kumvunjia heshima, na kama kuna mkufunzi anasoma hapa, aliondoe kwenye slaidi zake.

Wito wenyewe siukatai. Nilirudi Kiziba kwa wito. Ninachokataa ni mwenye bajeti kuutumia wito wangu kama fungu la bajeti. Na tuseme ukweli, wito huu una jinsia. Wenzetu wanaume walikuwa wawili kwenye timu, wote baba wa watoto. Hakuna aliyewauliza mtoto yuko na nani. Hata mimi sikuwauliza.

Wa pili ni wa fedha. Anasema hakuna. Huyu ndiye ninayemheshimu, kwa sababu hasemi uongo. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje sote tuliona kilichofuata, na posho ya chakula ilikuwa imeshapunguzwa mara kadhaa kabla ya hapo. Wafanyakazi wa mashirika nao walirudi nyumbani na barua mkononi. Najua pia kwamba wengi wao, Wanyarwanda na wageni, huacha watoto wao Kigali Jumatatu wakawaona Ijumaa usiku. Dereva mmoja aliniambia mtoto wake humwita "mjomba." Kwa hiyo siwaoni kama watu walioshiba wanaotazama njaa yetu.

Lakini fedha zikiwa chache ndipo unapoona mtu anathamini nini. Siku mbili zile hotelini, ukumbi, vyumba, chai, chakula, mafuta ya magari, kalamu zenye nembo, mifuko yenye nembo, fulana zenye nembo (yangu bado ninayo, nadekia nayo), zingelipa mama mmoja mtu mzima awashikie watoto wetu wote kambini kwa miezi. Kwenye kila kambi kuna wanawake wanaojua kulea. Kuna vyumba vya chekechea vinavyofungwa saa sita mchana. Na kuna mambo ambayo hayagharimu hata faranga: saa ya kunyonyesha haigharimu kitu. Kupanga mikutano saa tatu asubuhi badala ya saa kumi na moja jioni hakugharimu kitu. Kufundishia kambini badala ya Kigali kunapunguza gharama. Kwa nini hatukufundishiwa Kiziba? Niliuliza. Nikajibiwa kwamba tulihitaji "kutoka kwenye mazingira ya msongo." Tulitoka sisi. Msongo wangu ulikuwa chini ya mti, unalia.

Wa tatu ni nyinyi, watu wangu wa Kiziba. Mnasema nilisoma kwa jina la wakimbizi, halafu nikaenda Nyarutarama kuwasikiliza matajiri. Mama mmoja mzee, ambaye alinishika mkono siku naondoka, aliniambia, "Mwanangu, huko hawana shida, wana pesa." Sitawajibu kwamba matajiri nao wanaumia, ingawa ni kweli. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa 2018 ulikuta mtu mmoja kati ya watano Rwanda ana tatizo moja au zaidi la akili, na kati ya manusura wa mauaji ya kimbari ni zaidi ya nusu. Wengine wao wanaishi kwenye majumba haya ya karibu na uwanja wa gofu, na mimi nimekaa nao. Lakini hilo silo jibu lenu. Jibu lenu ni kwamba mna haki. Niliondoka. Nafasi yangu alipewa msichana mwingine wa kambini, mzuri, asiye na shahada, ambaye juzi alinipigia simu kuniambia ana mimba.

Niliondoka kwa sababu Nyarutarama kulikuwa na mlango. Mteja anaingia, dakika hamsini, anatoka, mlango unafungwa. Saa kumi na moja naenda nyumbani Remera na hakuna anayenigongea. Kila wiki mbili nakaa na mwanasaikolojia mkubwa kuliko mimi, ndani ya saa za kazi, namweleza kesi zinazonilemea. Mwanangu wa kwanza amerudi kuongea. Ilichukua mwaka mzima. Sasa anaongea mpaka walimu wanaandika malalamiko, na kila barua ya malalamiko naihifadhi.

Msidhani nimefika peponi. Kwenye maegesho ya kliniki yetu utakuta mchana kuna gari, ndani ya gari kuna msichana wa kazi na mtoto wa mteja, wamengoja tangu asubuhi. Baadhi ya wasichana hao hawana umri ambao ungependa kuusikia. Wengine nasikia walikulia kwenye vijumba vya Kangondo, ile iliyoitwa Bannyahe, iliyokuwa hapohapo Nyarutarama chini ya ukuta wa majumba haya, mpaka wakazi wa mwisho walipohamishiwa Busanza 2022. Na mimi? Mimi nina dada wa kazi. Ana miaka ishirini na sita, namlipa kila mwezi, Jumapili ni yake. Nilijisifu sana kwa hilo mpaka nilipomuuliza habari za kwao. Ana mtoto wa miaka mitatu, anakaa na bibi yake Rutsiro. Yeye analea wangu ili mimi nisikilize watu, na bibi analea wake. Nilimpandishia mshahara siku ileile. Haikunisaidia kulala.

Kwa hiyo mtu akiniuliza maadili yangu binafsi ni yapi na yanawiana vipi na kazi, namwambia kwanza anionyeshe nani kabeba mtoto. Hapo ndipo maadili yangu yalipo, na hapo ndipo yaliposhindwa.

Kuna njia nyingine za kufanya kazi hii, tena hazikutoka mbali. Mvura Nkuvure, maana yake "nitibu nikutibu," ilianzia Byumba mwaka 2005. Watu kumi mpaka kumi na watano wa eneo moja wanakaa pamoja, mara moja kwa wiki, wiki kumi na tano, wanaongozwa na wenzao. Nimeshiriki kama mwanakundi wa kawaida kabla ya chuo. Nilichokipenda si nadharia. Nilipenda kwamba kikao kina siku yake na saa yake, kwamba mzigo unagawanywa kwa watu kumi na watano badala ya mmoja, na kwamba wamama wanakuja na watoto, wanawanyonyesha palepale, na hakuna aliyewahi kuuliza orodha. Harare, Dkt. Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa jamii, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Dunia nzima inamsifu, na anastahili. Ila nikisoma habari za mabibi wale huwa najiuliza swali la umbea: nani alikuwa nyumbani na wajukuu?

Kambini kwetu kazi ya mtu mmoja aliyesoma na wasaidizi wachache wasiolala inaweza kugawanywa namna hiyo. Wasaidizi wapokezane usiku, kwa zamu inayojulikana, na kiwepo chumba kimoja cha kupokea watu usiku ili nyumba ya msaidizi ibaki nyumba. Chumba kimoja tu cha bati. Wajenzi tunao. Anayelala zamu alipwe kwa zamu. Msaidizi wa Kigeme amhudumie mtu wa Mugombwa kwa simu pale jambo linapokuwa la jirani mno. Na kila anayefanya kazi ya shirika apewe mkataba, hata wa nusu siku, hata wa miezi sita, ili sheria ya nchi imkute.

Hayo yote nimeyaandika kwenye barua yangu ya kuukubali mwaliko. Ndiyo, nimekubali kufundisha. Nimeweka masharti mawili: warsha ifanyike Kiziba, na mama atakayekuja na mtoto aandikwe yeye na mtoto wake na anayemshika mtoto, majina matatu, wote wale chakula kilekile. Mratibu mpya amenijibu kwa upole. Anasema wazo ni zuri sana, ila kwenye bajeti iliyopitishwa hakuna mstari wa watoto. Nimemwandikia kwamba kuna mstari wa chai ya saa nne na mstari wa chai ya saa kumi, na kwamba mimi binafsi chai ya saa kumi siihitaji. Nangoja jibu. Yule msichana aliyechukua nafasi yangu ana mimba ya miezi mitano.